Alama Juu ya Kazi

Wanaosimulia tarikhi ya kuonyesha mwendo wa kazi kwa mchoro aghalabu humtaja Henry Gantt, Mmarekani aliyefariki mwaka 1919, wakamsahau Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland aliyebuni jedwali la namna hiyo tangu mwaka 1896. Lakini wote wawili, pamoja na hekima yao, waliiacha kazi karakanani na taarifa yake wakaitia katika karatasi, na baina ya viwili hivyo palibaki mwanya wa kupitia uwongo au, niseme kwa adabu zaidi, usahaulifu.

Wasanifu wa kurasa za simu na kompyuta wameuziba mwanya huo. Katika Figma, programu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, ambamo watu wengi huchora kwa pamoja katika faili moja, msanifu hodari hutengeneza lebo ndogo na kuibandika juu ya kila ukurasa: nyekundu kwa uliokwama, manjano kwa ulio mikononi, kijani kwa uliokubaliwa, na jalada la faili nalo hubeba rangi, hata mkuu wa kazi akaijua hali kabla hajalifungua. Mwaka 2023 wenye programu waliongeza alama yao rasmi, ya kuwaarifu waandika programu kwamba sehemu fulani i tayari kujengwa. Ni jambo jema, ingawa mimi naipenda zaidi lebo ya mkono, maana huweza kusema “yangoja maneno ya mwanasheria”, hali ambayo alama rasmi haiijui.

Faida kubwa ya lebo, kwa rai yangu, haimo katika kuharakisha. Nyumba isiyoezekwa hujitangaza yenyewe kwa kila apitaye, ilhali ukurasa wa malipo ambao hakuna aliyewaza itakuwaje mtandao ukikatika huonekana mzuri sawasawa na uliokamilika, rangi zake shwari, herufi zake zimepangika. Jicho, hata la mjuzi, halina njia ya kuutambua upungufu huo, na kwa hiyo lebo husema yale ambayo mchoro, kwa uzuri wake, huyaficha. Ndiyo sababu yafaa ibadilishwe na yule yule aliyechora, wala si karani wa mradi anayekusanya habari kila Ijumaa.

Msanifu ninayemstahi kuliko wote ni yule ambaye, asubuhi ya kukabidhi, mteja akiwa amekwisha kuketi, huirudisha kijani kuwa manjano na kuandika kando yake: ujumbe wa malipo yaliyokataliwa haujachorwa.