Nimeegesha Baiskeli ya Umeme Chini ya Maji

Nipo chini ya maji na baiskeli yangu haijapata hata tone! Juu ya dari hii, sasa hivi, boti za watalii zinapita kwenye maji ya Open Havenfront, mbele ya kituo kikuu cha treni cha Amsterdam, na mimi niko karibu mita 9 chini, nimeshika usukani wa baiskeli ya umeme yenye kilo 25, nikitazama safu za rafu mpaka macho yanachoka. Nafasi 7,000. Elfu saba! Zote kavu, zote zina mwanga, walinzi wapo, na saa 24 za kwanza hulipi hata senti. Napenda baiskeli tangu utotoni na sijapata kuingia kwenye jengo lililonifurahisha namna hii.

Tuanzie mlangoni. Adui wa kwanza wa mwenye baiskeli ya umeme ni ngazi. Baiskeli ya kawaida unaitupia begani unashuka nayo. Hii yenye mota na betri ukiibeba mara moja tu, mgongo utakuuliza maswali usiku. Maegesho mengi ya chini ya ardhi yana ngazi yenye mfereji mwembamba kando, wa kupitishia tairi, na kuteremsha mzigo kama huu kwenye mfereji ule ni kazi ya kubana breki na kuomba Mungu. Hapa sivyo! Upande wa barabara ya Prins Hendrikkade kuna mkanda unaotembea, umelazwa kwa mteremko mpole. Unaisimamisha baiskeli juu yake, unabana breki, unateremshwa. Mzee anateremka hivyo, mama mwenye kiti cha mtoto kwenye keria anateremka hivyo, kijana aliyechelewa treni naye vilevile. Jambo hili peke yake lingetosha kunileta.

Ukifika chini unagusisha kwenye mashine kadi ileile inayotumika kwenye treni, na muda unaanza kuhesabiwa. Ukitoka unagusisha tena. Hujavuka saa 24? Nenda zako, bure. Ukivuka unalipa, na maegesho yalipofunguliwa Januari 2023 malipo yalikuwa euro 1.35 kwa kila siku ya ziada. Mpango huu una akili nyingi sana! Bure ya siku ya kwanza inamvuta kila mtu aingie ndani badala ya kuifunga baiskeli kwenye nguzo ya taa au ukingo wa daraja. Ada ya siku ya pili nayo inawaondoa wale wanaotelekeza baiskeli miezi na miezi mpaka cheni inashika kutu. Kwa hiyo nafasi zinapokezana, na mwenye treni ya asubuhi anapata pa kuegesha.

Kisha inua macho uone jengo lenyewe. Wasanifu wake, kampuni ya wUrck, walichukua wazo lao kwa chaza. Watu wa pwani tunamjua chaza: nje gamba linakwaruza, ndani linateleza na kung'aa. Na ndivyo ilivyo hapa. Nguzo za mviringo, kuta nyeupe, mwanga umetapakaa kila pembe, hakuna kichochoro cha mtu kujibanza. Kwangu mwanga huu ni ulinzi kabla ya kuwa urembo, kwa sababu mwizi anapenda kona yenye giza, na kona hiyo humu sijaiona.

Ujenzi ulichukua miaka minne na kugharimu takriban euro milioni 60. Walitoa maji kwanza, wakajenga sakafu, nguzo na paa, kisha wakayarudisha maji mahali pake kana kwamba hapakutokea kitu. Jiji lilitoa video iliyofupisha miaka ile yote kuwa dakika chache, na ikasambaa dunia nzima. Itazameni! Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, palikuwa na ghorofa la chuma la kuegeshea baiskeli kando ya kituo, lililoanza mwaka 2001 kama la muda, lenye nafasi 2,500. Watalii walilipiga picha kwa wingi wa baiskeli zake. Sasa limefungwa, baiskeli zimeshuka chini, na juu watu wanapata maji na anga.

Naomba nikae kidogo kwenye rafu, maana ndiko mwenye baiskeli ya umeme anakopata raha au karaha. Rafu ni za ngazi mbili. Ya juu unaivuta kwako, inainama mpaka karibu na sakafu, unapandisha tairi la mbele kwenye mfereji, unasukuma, halafu unainyanyua irudi juu. Kwa baiskeli ya kawaida ni kazi ya sekunde chache. Kwa ya umeme, shika ushauri wangu: chukua ya chini. Uzito wa betri na mota unaufanya ule mnyanyuo wa mwisho uwe mgumu hata pale rafu inapokusaidia, na ukiwa na kapu au kiti cha mtoto ndiyo kabisa. Rafu ya chini ni tamu: unasukuma, tairi linaingia kwenye mfereji, baiskeli inasimama wima bila kuegemea ya jirani. Madigadi hayapindi, waya za breki hazinaswi, skrini yako haigongwi na usukani wa mtu. Ningependa siku moja rafu nyingi zaidi za chini zitengewe baiskeli za umeme na kupewa upana kidogo, kwa sababu katika nchi hii sehemu kubwa ya baiskeli mpya zinazouzwa sasa ni za umeme. Hitaji hilo halitapungua.

Na hata humu ndani, piga kufuli! Waholanzi wamezoea kufuli la pete, lile linaloshikilia fremu ya nyuma na kupitisha chuma katikati ya spoki. Ni la haraka: unasukuma kitasa kwa kidole, tairi limefungwa. Wengi wanaongeza cheni inayochomekwa ubavuni mwa kufuli hilohilo na kuzungushwa kwenye rafu, kwa hiyo ufunguo unabaki mmoja. Kwenye baiskeli nyingi za umeme ufunguo huo ndio unaofungua na betri. Mfuko mmoja, ufunguo mmoja, mambo matatu! Unaponunua kufuli Uholanzi tafuta alama ya ART, taasisi inayopima makufuli na kuyapa nyota kuanzia moja mpaka tano. Kampuni za bima kwa kawaida zinataka nyota mbili au zaidi, na baiskeli ikiibiwa zinakutaka uoneshe funguo za asili zote mbili. Ule wa akiba uutunze nyumbani kama hati ya kiwanja.

Lakini baiskeli haikai chini ya maji maisha yake yote. Utaenda sokoni, utaenda kwa rafiki ghorofa ya nne, utaiacha barabarani. Huko adui ni mwizi, naye amebadilika. Zamani alikuwa na koleo la kukatia au bisibisi; siku hizi anabeba grainda ya betri, mashine ileile ya fundi wa mageti, imeingia kwenye begi la mgongoni. Cheni nzuri ya chuma kigumu, ambayo miaka kumi iliyopita ingemchosha mwizi akaondoka, grainda inaipitia ndani ya dakika moja au mbili. Na hapo ndipo kuna kitu kingine kilichonikosesha usingizi kwa furaha: makufuli yanayokula diski!

Mwaka 2021 Waingereza wa Hiplok walitoa kufuli la umbo la D liitwalo D1000. Chuma chake kimevikwa mchanganyiko wenye grafini wanaouita Ferosafe. Diski ya grainda ikiugusa, badala ya diski kula kufuli, kufuli linaisaga diski. Mwizi anatoa ya pili, nayo inaisha. Anatoa ya tatu. Muda wote huo cheche zinaruka na kelele zinajaza mtaa. Wenzao wa Litelok, kutoka Wales, wakafuata njia hiyohiyo na makufuli ya X1 na X3, nao wakatumia vazi lao wenyewe waliloliita Barronium. Hakuna kufuli lisilokatika duniani, na watengenezaji wakweli hawadai kuwa nalo. Kinachouzwa hapa ni dakika, na mwizi wa mjini dakika hana. Shika kufuli hili mkononi uone lilivyo zito na lilivyoshikana. Moyo unatulia papo hapo.

Uzito wake nao ni karibu kilo mbili. Wapanda baiskeli wa zamani wangenung'unika, na wangekuwa na haki, kwa sababu kila gramu waliisukuma kwa mapaja yao. Baiskeli ya umeme imefuta kisingizio hicho! Mota haijali kilo mbili. Kwa mara ya kwanza tuna baiskeli inayoweza kujibebea ulinzi wake wote: kufuli la D la kushika fremu, la pete nyuma, na cheni ya ziada kwenye keria, na mlimani bado unapanda ukitabasamu. Anayenunua baiskeli ya zaidi ya euro 2,000 kisha akaifunga kwa waya mwembamba wa dukani kwa hoja ya uzito, aina hii ya baiskeli inamtaka afikirie upya.

Kabla hujafunga, jiulize mota iko wapi. Ikiwa katikati, penye pedeli, hazina yako ni fremu: kufuli kubwa lipite kwenye fremu na chuma kilichosimikwa ardhini, tena kisiwe kifupi kiasi cha baiskeli kunyanyuliwa juu yake. Ikiwa ndani ya kitovu cha tairi la nyuma, tairi hilo ni mali kubwa kuliko siti, taa na madigadi kwa pamoja, kwa hiyo kufuli lishike fremu na tairi hilo kwa mkupuo mmoja. Ikiwa kwenye tairi la mbele, mambo yanageuka, la mbele ndilo linalohitaji cheni. Na kufuli la D libane: nafasi ndogo ndani yake inamnyima mwizi pa kuingizia jeki au nondo. Tundu la ufunguo lielekee chini, mvua isiingie.

Betri nayo ina habari yake. Ile ya saa-wati 500 ina uzito wa kilo tatu hivi, na kuinunua mpya ni mamia ya euro, kwa hiyo ukiiacha baiskeli nje usiku, ichomoe uende nayo. Mbali na wizi, betri ya lithiamu haipendi baridi ya kugandisha, na haifai kuchajiwa ikiwa na baridi hiyo. Iache ipate joto la chumba kwanza, ichaji mahali unapoiona. Baiskeli isiyo na betri inapoteza mvuto haraka machoni pa mwizi. Mifumo ya kisasa, ya Bosch kwa mfano, inaongeza kitasa cha kielektroniki: simu yako inakuwa ufunguo, na bila hiyo mota inakataa kusaidia. Hilo halimzuii mtu kuibeba, lakini linamwachia chuma kizito cha kukanyaga kwa nguvu zake. Ongeza kifaa kidogo cha kufuatilia kilichofichwa ndani ya usukani au chini ya siti, uandike na namba ya fremu mahali salama. Hivi ni vya bei ndogo na vinafanya kazi kubwa.

Nikirudi kwenye maegesho haya ya chini ya maji, yaitwayo Stationsplein: njia ya kutoka ndiyo iliyonimaliza kabisa. Hupandi tena barabarani kwenye mvua. Unatembea moja kwa moja ndani kwa ndani mpaka upande wa metro na kituo, unaingia kwenye treni ukiwa mkavu. Tangu kubana breki kwenye mkanda mpaka kufika kwenye treni hukutana na gari hata moja! Ukikuta pamejaa, upande wa pili wa kituo, penye maji ya IJ, kuna IJboulevard, maegesho mengine ya nafasi 4,000 yaliyofunguliwa mwaka huohuo wa 2023.

Na treni hiyo, chini ya nusu saa, inakufikisha Utrecht, kwenye maegesho makubwa kuliko yote ya baiskeli duniani: nafasi zaidi ya 12,500 kwenye ghorofa tatu, kazi ya wasanifu Ector Hoogstad, yaliyokamilika mwaka 2019. Kule hushuki kwenye baiskeli hata ukiingia. Unaendesha ndani ya jengo, vibao vya umeme vinakuonesha safu ipi ina nafasi ngapi, na kuna sehemu maalumu za baiskeli za mizigo na zenye maumbo yasiyoingia kwenye rafu. Mwenye baiskeli ya umeme ndefu ya kubebea watoto aanzie huko. Mwenye ya kawaida ya umeme aje hapa kwanza, aingilie Prins Hendrikkade, aache mkanda umshushe, achukue rafu ya chini.