Kuna Kitu Mlangoni

“Mnafika chini ya ngazi. Mlango wa mbao umeachwa wazi kidogo, na mwanga wa taa unaangukia sakafuni. Ndani, mtu anafagia. Mnafanyaje?”

Wachezaji wanne waliozunguka meza hawachomoi panga. Mmoja anapendekeza wabishe hodi. Kama msimulizi angesema kwamba ndani kuna kitu kinaburuzwa, panga zingekuwa nje kabla hajameza mate. Karatasi iliyo mbele yake ni ileile: chumba kimoja, mzee mmoja, ufagio mmoja. Ni maneno tu yangebadilika.

Michezo hii ya kuigiza wahusika mezani, yenye mashujaa, wachawi na majoka, ilianza kuuzwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 kwa kuanzia. Ilizaliwa na michezo ya vita, ile ya askari wa vinyago waliopangwa mezani, ambamo kila mtu aliweza kuona nani kasimama wapi. Wahusika walipoingizwa kwenye mashimo yaliyo chini ya ngome, macho hayakufaa tena. Mmoja wa waliocheza na Gygax siku hizo amesimulia jinsi bwana huyo alivyojificha nyuma ya droo za kabati la mafaili, wakabaki kusikia sauti tu. Nadhani hakuna aliyewahi kuieleza kazi ya msimulizi vizuri kuliko kabati lile.

Wachezaji wanaozungumza Kiingereza wana kisa wanachopenda kurudia. Jamaa mmoja aliambiwa kwamba bustanini kuna gazebo. Hakujua kwamba ni kibanda cha kupumzikia. Akauliza rangi yake, akajibiwa ni nyeupe. Akauliza iko umbali gani, akajibiwa. Akaiita, haikuitika. Akaipiga mshale, ukanasa, nayo ikatulia vilevile. Mwishowe msimulizi, kwa kuchoka, akaamua gazebo iamke imle. Watu humcheka mchezaji. Mimi namlaumu msimulizi: alijibu kila swali kwa usahihi, na hakuna jibu hata moja lililomwonyesha mwenzake alichokuwa akikitazama. Angetaja viti vilivyomo ndani, mambo yangekwisha.

Kwa Kiswahili kazi hii ina mtego wake, na ina utamu wake. Ngeli hazitunzi siri. Ukisema “amesimama mlangoni”, umeshafichua kwamba ni kiumbe hai. Ukisema “kimesimama”, umemtoa mtu na mnyama. Sasa jaribu kusema, polepole, “kinapumua.” Siku niliyolitamka neno hilo mezani, kijana aliyekuwa akitafuna karanga aliacha mdomo wazi. Kitu gani hiki kinachopumua na bado ni *ki-*? Sikuhitaji kueleza meno wala makucha. Na kuna “limelala”, bila jina lolote mbele yake, ambalo humfanya kila mtu aitafute dadu yake ya pande 20 kimyakimya.

Kinachonishangaza zaidi kwa wasimulizi wazuri ni pale wanapojizuia. Hawamwambii mchezaji “unaogopa”, kwa sababu woga wa mhusika ni mali ya mchezaji. Husema, “mwenge wako unatikisika, na humu hamna upepo,” kisha wananyamaza. Mchezaji ndiye atakayeamua kama ni mkono wake unaotetemeka. Vitabu vingi vya safari zilizoandikwa tayari huweka maelezo ya kusomwa kwa sauti ndani ya visanduku, aya nzima ya nguzo na mazulia. Kufikia nguzo ya tatu, mtu ameshaanza kuchezea simu.

Bibi akisema “Paukwa”, tukaitikia “Pakawa”, hadithi huwa yake hadi mwisho. Msimulizi wa mezani huomba ruhusa upya kila baada ya sentensi tatu. “Mnafanyaje?” yake si pambo. Anaikabidhi hadithi kwa watu ambao wanaweza kuirudisha ikiwa imevunjika. Akiona wanaelekea kuangamia, ana maneno mawili tu ya kuwashika bega: “Una uhakika?” Wazoefu wakiyasikia hurudi nyuma hatua moja. Msimulizi anayeyatumia kila dakika hugeuka mzazi, na hakuna anayemsikiliza tena.

Turudi kwenye ngazi. Wamebisha hodi, ufagio umesita. Msichana aliyekuwa kimya jioni nzima anaegemea mbele.

“Anafagia nini?”

Hilo halimo kwenye karatasi. Msimulizi anaitazama hata hivyo, kana kwamba litajiandika, kisha anainua macho.

“Manyoya,” anasema.