Jicho la Kupimia Ndege ya Plastiki

Mtu wa Ludewa anayetaka kuunda ndege ya plastiki hana duka la jirani la kwenda kuulizia. Boksi lake linapita Makambako, linapita Njombe, linapanda milima ndani ya buti la basi, na likishafika linawekwa juu ya kabati. Mwenyewe anaogopa kuliharibu. Mara nyingi hofu hiyo inatokana na kutojua kazi nzuri hutambuliwaje, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kwanza, uchaguzi. Wengi tungependa kuanza na Boeing 787 ya Air Tanzania, ile iliyotua Dar es Salaam Julai 2018. Kwa kipimo cha 1/144 ina karibu sentimita 42 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, mwili mrefu wa mviringo, na nyeupe inayong'aa isiyoficha hata ufa wa unywele. Iache kwanza. Chukua Spitfire, ndege ya zamani ya kivita, ya 1/72. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza ndege zake na hiyohiyo mwaka 1953. Mabawa yake hayafiki sentimita 16, na rangi zake za mabaka humsitiri anayejifunza.

Sasa jicho. Usianze na rangi, anza na kiungo. Pitisha ukucha mgongoni, pale nusu mbili za mwili zinapokutana. Ukucha ukikwama, kazi haijaisha, hata rangi ipendeze vipi. Gundi ya plastiki hii haifanyi kazi kama supaglu: inayeyusha ngozi ya pande zote mbili mpaka ziwe kitu kimoja. Jaribu vipande bila gundi kwanza, na ukiridhika paka kidogo, bana mpaka uzi mwembamba wa plastiki iliyolainika uchomoze, kisha iache hadi kesho yake. Uzi huo ukikauka, uondoe kwa wembe na msasa laini wa maji. Pati ya kuziba nyufa itumike kwa uchache, maana ndege iliyojaa pati inakuambia kwamba vipande havikukaa sawa tangu mwanzo.

Kipimo cha pili ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Inua ndege, pua ikutazame usawa wa macho. Mabawa ya Spitfire yanapanda kidogo kuelekea nchani, na lazima yapande sawa. Bawa la mkia lilale sawa, na lile la wima lisimame limenyooka juu yake. Aliyetengeneza gari la waya utotoni ameshalijua hili: ekseli ikipinda, gari zima linaonekana kilema. Rangi isiyofanana na ya kweli naisamehe. Bawa lililolala upande mmoja silisamehe, kwa sababu lilihitaji dakika chache tu za kulishikilia kabla gundi haijakaza.

Kioo cha rubani hueleza subira ya fundi. Supaglu hutoa mvuke unaokiachia ukungu mweupe, hivyo tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi, ikikauka haionekani.

Rangi nzuri ni nyembamba. Mistari midogo iliyochongwa kwenye mabawa isomeke bado baada ya mikono miwili au mitatu. Huku kwetu asubuhi ya ukungu si saa ya kupuliza rangi: unyevu huifanya ififie na kuacha weupe. Subiri jua lipande, ndege yenyewe ipate joto, na ufunge dirisha la upande wa vumbi.

Mwisho tazama alama na namba zilizobandikwa kwa maji. Ukiona mng'ao wa fedha pembeni mwake, hewa imenasa chini kwa sababu rangi ilikuwa ya kukwaruza. Dawa yake ni kupaka vanishi ya kung'aa kabla ya kubandika, na ukitaka ndege ising'ae, vanishi isiyong'aa inakuja baadaye, alama zikishakauka kabisa.