Vitenzi vya Amri ya Ituri

Mkazi wa Gety, kusini mwa Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, ameishi chini ya hati mbili za serikali zilizopishana kwa miezi 14. Ya kwanza ilitiwa sahihi palepale Gety tarehe 28 Februari 2020: mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FRPI. Ya pili ilitoka Kinshasa tarehe 3 Mei 2021, Rais Félix Tshisekedi alipoziweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao Bunia nzima inauita état de siège.

Mkataba una pande mbili, na kila upande umebebeshwa wajibu. Waasi waweke silaha chini. Serikali iwarudishe katika maisha ya kiraia na kushughulikia msamaha, isipokuwa kwa makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu. Utekelezaji wake ulikwamakwama, lakini umbo hilo humsaidia msomaji: ahadi ikivunjwa, anajua ni ipi na ni ya nani.

Amri ya kutekeleza utawala huo wa kijeshi, namba 21/016 ya mwaka 2021, imejengwa vingine kabisa. Inawapa wakuu wa jeshi mamlaka kwa mfululizo wa vitenzi: kupekua nyumba usiku na mchana, kupiga marufuku machapisho na mikutano, kuzuia watu kutembea, kumkamata anayevuruga utulivu. Mtendaji ni mmoja tangu juu hadi chini. Raia yumo, ila yumo kama mtendwa: anapekuliwa, anazuiwa, anakamatwa, kisha anapelekwa mbele ya hakimu mwanajeshi.

Kinachonitia hofu zaidi ni sharti la machapisho na mikutano. Hayakatazwi kwa sababu yamevuruga utulivu. Yanakatazwa mkuu wa jeshi akiona kwamba yanaweza kuuvuruga. Kipimo kimo kichwani mwake, na raia hawezi kukipinga kwa ushahidi. Oktoba 2021 mwanasiasa wa upinzani Luc Malembe alikamatwa Bunia baada ya kuukosoa utawala huo kwenye Facebook. Amri iliyoandikwa hivyo haihitaji kubadilishwa hata herufi moja ili ianze kufuatilia maandishi ya watu mtandaoni.

Na lugha hiyo si ya Ituri. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Agosti 1849 tayari iliwapa wanajeshi ruhusa ya kupekua nyumba usiku na mchana, na ya kukataza machapisho na mikutano wanayoona inachochea fujo. Iliandikwa mwaka mmoja baada ya wafanyakazi wa Paris kuasi mitaani, na wasiwasi wake ulikuwa mji mkuu wenye magazeti na vilabu vya siasa. Kuipandikiza Irumu, eneo ilimo Gety, ambako mama anakimbia shamba lake kwa kuogopa bunduki, ni kumtafuta adui mahali pasipo pake. Wanaoua vijijini hawatoi machapisho wala hawaombi kibali cha mkutano.

Sasa turudi kwenye orodha ya vitenzi vya amri 21/016, tutafute kitenzi cha kutoa hesabu. Hakimo, na pengo hilo lilionekana mapema. Juni 2021, akiwa Bunia, Rais mwenyewe alilalamikia mafia ndani ya jeshi. Mwezi uliofuata maofisa kadhaa walikamatwa huko Ituri wakituhumiwa kufuja fedha za operesheni. Kuwakamata kulikuwa sawa. Lakini msomaji wa Gety ana haki ya kuuliza kwa nini amri iliyoeleza kwa uangalifu jinsi ya kuingia nyumbani kwake haikueleza popote katika orodha hiyo jinsi fedha za kumlinda zitakavyokaguliwa.

Hata muda wa utawala huo una umbo lake. Katiba inatoa siku 30 za mwanzo, kisha nyongeza za siku 15 kwa idhini ya Bunge. Siku 15 zinasomeka kama hatua ya tahadhari. Zikirudiwa miaka na miaka, kila nyongeza inaonekana ndogo mno kuzua mjadala, na jumla yake haipigiwi kura hata siku moja. Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba hatua hizo zingelegezwa polepole. Nyongeza za siku 15 ziliendelea kupitishwa.