Jina la Mtu wa Chini Chomboni

Ukitaka kuijua tabia ya lugha, usitazame inavyowaita wakubwa. Wakubwa huitwa vizuri kila mahali. Hata adui akimtaja jemadari wa wenzake humtaja kwa cheo. Tazama inavyomwita mtu wa chini kabisa, yule avutaye kamba na kufuta maji sitahani. Katika kurasa hizi nataka nimpime mtu huyo, yaani baharia wa kawaida, kwa majina aliyopewa na watu wa Ulaya na yale tuliyompa sisi.

Huenda msomaji akauliza, mtu wa Sindeni ana nini na bahari? Sisi tuko bara, kati ya Korogwe na Handeni, na mwenzetu wa karibu katika mambo ya maji ni mto Pangani, upitao Korogwe ukielekea pwani. Lakini bahari tunaifahamu, na tuliifahamu vibaya. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani. Huko wakauzwa, na masimulizi yasema wengine walihadaiwa kwamba wanapelekwa penye kazi na chakula, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Benadir. Wajukuu wao waliishi bondeni mwa mto Juba, Somalia, wakiendelea kusema Kizigua. Na vita vya huko vilipowafukuza, baadhi yao walirudi, wakapewa makazi Chogo, humu humu Handeni, tangu mwaka 2003. Basi tuliijua bahari kutoka tumboni mwa chombo. Aliyekaa tumboni ana haki ya kuuliza waliokuwa juu ya sitaha waliitwa nani.

Nikiyapanga majina ya Wazungu naona mafungu matatu. Fungu la kwanza humwita baharia kwa kitu anachokitumikia. Wagiriki wa kale walimtaja kwa merikebu, na Warumi wakawafuata. Wafaransa wana neno marin, Waspania marinero na Wareno marinheiro, yote yametoka katika bahari. Waingereza wao humwita sailor, yaani mtu wa tanga, jina ambalo sisi wa Mkoa wa Tanga tungeweza kulidai kwa utani. Majina haya hayana ubaya, ila hayatuambii lolote juu ya maisha ya mwenyewe.

Fungu la pili humwita kwa umri wake. Wareno wana grumete, Wafaransa wana mousse, Waitalia wana mozzo. Wote ni vijana wa chomboni, watumwao huku na kule. Katika jeshi la majini la Ureno grumete ni cheo rasmi cha chini. Kiingereza nacho kina boatswain, msimamizi wa kamba na matanga, na nusu ya pili ya neno hilo zamani ilikuwa na maana ya kijana mtumishi. Mtu aweza kuwa na mvi kichwani na wajukuu nyumbani, lakini jina lake bado linamwita kijana. Waafrika waliotumikia majumba ya wakoloni hawahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Fungu la tatu ndilo ninalolipenda. Wafaransa humwita baharia wa kawaida matelot. Wataalamu wengi hulirudisha neno hili katika Kiholanzi cha kale, wakisema maana yake ni mwenzi wa mkeka, kwa kuwa mabaharia wawili walilala kwa zamu mahali pamoja, mmoja akiwa kazini na mwingine usingizini. Wengine hulipeleka kwa watu wa kaskazini, wakilifasiri kuwa ni mwenzi wa chakula. Ukiuliza hukumu yangu, fasiri zote mbili zinamheshimu. Neno hilo likasafiri kama mwenyewe: Wajerumani wakalifanya Matrose, Warusi na Waswidi matros, na Waholanzi wakalipokea tena kwao likiwa matroos. Kipimo chake cha mtu ni wenziwe wa mkeka na sahani, bila kugusa umri wala kabila lake.

Hata hivyo majina hupanda na kushuka. Neno la Kiarabu amiri lilivuka bahari ya kati, likawa admiral, mkuu wa manowari zote. Kwetu likabaki nchi kavu, na Rais wetu ni Amiri Jeshi Mkuu. Hilo lilipanda. Sasa tazama yaliyoshuka. Kiajemi kina neno sarhang, ambalo huko Iran hata leo ni cheo cha kanali. Likaingia katika merikebu za Bahari ya Hindi, likawa serang, msimamizi wa makuli wa sitahani, nasi tukampata serahangi wetu. Kiajemi kina neno jingine, lashkar, maana yake jeshi. Wareno na Waingereza walilichukua kule India, likawa lascar: baharia wa Kiasia katika meli za Wazungu. Na wapo wataalamu wanaoona kwamba neno la Kiarabu lililotuletea askari lina asili hiyo hiyo. Ikiwa ni hivyo, askari na lascar ni ndugu wawili, mmoja akashika bunduki na mwingine kamba.

Hapa ndipo neno lilipoanza kula mkate wa mtu. Katika meli moja ya Kiingereza, dhoruba ileile, tanuri lileile la makaa, aliyeandikwa sailor na aliyeandikwa lascar walifanya kazi ya namna moja. Lakini lascar aliandikwa katika mkataba wa peke yake, kwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake, na chumba chake kikawa finyu zaidi. Hapakuwa na haja ya kumtukana mtu, kwa kuwa kazi hiyo ilikwisha kufanywa na jina. Majina ya namna hii nayalaumu kuliko yale ya kumwita mzee kijana, kwa sababu yanaonekana hayana kosa.

Na sisi? Kiswahili hakikosi utajiri. Nahodha tulimpata kwa Waajemi, maana yake bwana wa chombo, na silabi yake ya kwanza ni ndugu ya ile iliyomo katika neno la Kiingereza navy. Rubani aliongoza vyombo vya majini kabla hajapanda ndege. Nahodha naye ameingia uwanjani, anaongoza timu za mpira, na methali inamkumbuka: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baharia ameambulia nini? Jeshini amepewa jina jipya la mwanamaji, ambalo ni zuri. Mitaani vijana waliozamia meli walijiita mabaharia, jina la kujipa moyo. Na kufikia mwaka 2019 lilikuwa limekwisha kuenea mitandaoni kama jina la mwanamume mjanja wa mapenzi.

Sina ugomvi na utani. Lugha isiyotaniwa hufa. Lakini naona hasara. Neno baharia lina sifa ambayo maneno mengi ya Ulaya yamekosa: halimtaji mtu kwa umri wala rangi, na mpishi, fundi wa injini na mshika usukani wote huingia humo. Mataifa yalichelewa kufika hapo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006, ukaanza kufanya kazi mwaka 2013, unamhesabu kuwa baharia kila aajiriwaye au afanyaye kazi melini katika wadhifa wowote. Kiswahili kilikuwa na neno la kubeba maana hiyo tangu zamani, nasi tunaligeuza kichekesho.

Kijana wa Handeni akitoka Chuo cha Bahari Dar es Salaam na kuwekewa karatasi ya ajira mbele yake, asikimbilie kutia sahihi. Kwanza asome ameandikwa nani, kisha alinganishe mshahara wake na wa mwenzake afanyaye kazi hiyohiyo kwa jina jingine.