Jinsi ya Kuijua Wiki Imara

Wiki mbovu haijulikani kwa sura. Rangi zake zitapendeza, nembo itakaa mahali pake, na ukurasa wa mwanzo utakuwa na picha ya Mlima Elgon asubuhi. Ubovu hujitokeza siku jambo linapobadilika huku nje: kaunti imezaliwa, mbunge ameondoka, eneo bunge limegawanywa. Mnunuzi wa mahindi wa Kitale haridhiki na gunia lililoshonwa vizuri. Huchoma bambo hadi katikati, akatazama punje zilizotoka, kisha akapima unyevu usizidi asilimia 13.5. Mpimaji wa wiki naye aanzie ndani, na maswali yake ni mawili. Habari moja imeandikwa mahali pangapi? Na nini kinaizuia isiharibike fundi anapogusa msimbo?

Wiki ya kwanza ilifunguliwa na Ward Cunningham huko Marekani mwaka 1995, na wazo lake halijazeeka: anayesoma ukurasa aweze pia kuuhariri. Tutakayoitumia hapa kama kipimo ni MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Ni huru, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na wengi wanaofungua wiki za shule au idara huiweka hiyo hiyo.

Sasa chukua Sirisia, magharibi mwa Kenya. Ni mji, ni eneo bunge, ni kaunti ndogo, vyote kwa jina moja. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 ungeandika kwamba iko katika Wilaya ya Bungoma, Mkoa wa Magharibi. Baada ya hapo mikoa ikaondoka na kaunti 47 za Katiba ya 2010 zikaanza kazi. Mipaka iliyochorwa upya mwaka 2012 ikatoa eneo bunge la Kabuchai kutoka ubavuni mwa Sirisia. Moses Wetang'ula, aliyekuwa mbunge wa Sirisia tangu uchaguzi wa 2002, akaenda Seneti, na mwaka 2022 akawa Spika wa Bunge la Taifa. Hayo ni mabadiliko manne ambayo kila ukurasa unaotaja Malakisi, Namwela, Lwandanyi au kituo cha mpakani cha Lwakhakha unapaswa kuyajua.

Katika wiki mbovu kila ukurasa una sentensi yake, iliyoandikwa kwa mkono na mtu tofauti mwaka tofauti. Mmoja unasema wilaya, wa pili kaunti, wa tatu unasema vyote viwili katika aya moja. Katika wiki nzuri, jina la kaunti na la mbunge limewekwa mahali pamoja, na kurasa zote zinalisoma kutoka hapo kupitia kigezo, yaani kipande kinachoandikwa mara moja na kuitwa na kurasa nyingi. Tangu 2012 kuna Wikidata, ghala la habari ambapo wiki za lugha zote zinaweza kuchota. Urefu wa Elgon, mita 4,321, ukishaandikwa humo, hakuna sababu ya makala ya Kenya kutofautiana na ya Uganda. Kipimo chake ni chepesi: bonyeza Hariri, usome kilicho nyuma ya kisanduku cha taarifa. Ukikuta jina la mbunge limechapwa humo ndani kwa herufi, umeshajua kitakachotokea uchaguzi ujao.

Lakini hapa ndipo wajuzi hutengana na washabiki. Kuna mafundi wanaotaka kila kitu kiingie kwenye ghala, mpaka makala inasomeka kama fomu ya chifu. Yaliyotokea Malakisi Februari 1948, polisi wa kikoloni walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, hayatoshei kwenye visanduku, yanahitaji mwandishi. Tena habari ya zamani haifutwi na mpya. Makala kuhusu uchaguzi wa 1992 lazima iendelee kusema Mkoa wa Magharibi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Boti (programu inayohariri yenyewe) inayopita usiku mmoja ikibadilisha kila “Mkoa wa Magharibi” kuwa “Kaunti ya Bungoma” itaipeleka Kakamega ndani ya Bungoma, na itaitia kaunti katika miaka ambayo haikuwepo. Mpangilio mzuri huipa kila habari tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mimi hutafuta hilo kwanza. Wiki inayosema “mbunge ni fulani” bila kusema tangu lini, siiamini hata kama leo inasema kweli.

Kuhusu aina za yaliyomo ukurasani nitapita haraka. Zamani ukurasa wa MediaWiki ulikuwa furushi moja la maandishi. Toleo la 1.21 la mwaka 2013 liliiwezesha programu kutofautisha maandishi ya wiki, data na msimbo. Mwaka huo huo Wikipedia zikapata moduli zinazoandikwa kwa Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993. Baadaye ikawezekana toleo moja la ukurasa kubeba vyumba kadhaa: tangu 2019, picha iliyoko Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia, ina maelezo ya kawaida na kando yake maelezo mafupi ya lugha nyingi, kila moja chumbani mwake. Fungua kigezo kikubwa. Ukiona mabano juu ya mabano mpaka macho yanauma, kigezo hicho hakijahama tangu enzi za furushi.

Tuje kwenye swali la pili, la majaribio, maana hapa ndipo maneno huwa mengi na kazi kidogo. Fundi atakwambia ana majaribio elfu. Usiulize idadi. Uliza yanajaribu nini, na kama aliyeyaandika amewahi kuwawazia watu wanaoandika kama sisi.

Kisarufi cha MediaWiki, yaani sehemu inayogeuza maandishi ya wiki kuwa ukurasa, kina majaribio yanayosomeka hata na asiye fundi. Kila jaribio lina jina, chini yake maandishi kama mhariri angeyaandika, chini zaidi ukurasa unaotarajiwa. Mashine inalinganisha, kikitoka kingine, jaribio limeanguka. Sasa weka Kiswahili humo. Katika wiki, alama mbili za ritifaa hulaza herufi na tatu huzikoleza. Mhariri anayeeleza matamshi anataka kuandika ng' kwa mlazo: alama mbili, n na g, ritifaa yake, kisha mbili za kufunga. Mwishoni zimerundikana tatu. Je, amefunga mlazo au amefungua mkolezo? MediaWiki huhesabu mstari mzima. Ikiona mlazo umebaki bila mwenzake na mkolezo pia umebaki bila mwenzake, huichukua alama moja ya mkolezo kuwa ritifaa ya kawaida, na ng' inatoka salama. Hiyo ni busara ya mtu aliyekaa chini akafikiri. Jaribu programu nyingine za wiki kwa mstari huo mmoja, utajua mengi.

Ritifaa ina mtego wa pili. Wetang'ula yenye alama iliyonyooka na Wetang’ula yenye alama iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ni vichwa viwili tofauti kwa mashine. Usipoelekeza kimoja kwa kingine, Spika mmoja atapata kurasa mbili zenye habari zinazopingana. Hali kadhalika “Mlima Elgon” na “Mlima elgon”: herufi ya kwanza tu ya kichwa ndiyo isiyojali ukubwa.

Na wadi? Moja ya wadi za Sirisia inaitwa rasmi Malakisi/South Kulisiru, na mkwaju wake. Kwa MediaWiki mkwaju huashiria ukurasa mdogo chini ya mkubwa. Kwenye makala za Wikipedia zenyewe mpangilio huo umezimwa, ila kwenye kurasa za majadiliano unafanya kazi, kwa hiyo majadiliano ya wadi hiyo huhesabiwa kuwa mtoto wa majadiliano ya Malakisi. Si kosa la mtu. Ni jina halali la Tume ya Uchaguzi lililokutana na kanuni halali ya programu. Wiki nzuri ina jaribio la jina kama hilo. Wiki mbovu huligundua siku mwalimu anapolalamika.

Kuna hesabu nayo. “Kurasa 1” huwachoma macho wasomaji wa Kiswahili, na kosa hilo hutokana na fundi aliyebandika namba mbele ya nomino akaona kazi imekwisha. Kwetu kitenzi nacho hubadilika: mtumiaji amehariri, watumiaji wamehariri. Kwa hiyo ujumbe lazima utafsiriwe kama sentensi nzima yenye sura mbili, moja ya umoja na moja ya wingi, kama wanavyofanya watafsiri wa MediaWiki kwenye translatewiki.net. Jaribio la maana hupima 0, 1 na 2. Linalopima 5 pekee halijapima kitu.

Saa pia. Hariri iliyofanywa Sirisia saa saba na nusu usiku wa kuamkia Januari 1 huhifadhiwa kwenye seva kama saa 22:30 ya Desemba 31, kwa kuwa MediaWiki huweka nyakati kwa saa ya dunia nasi tumetangulia kwa saa tatu. Ripoti ya “makala za mwaka huu” isiyolijua hilo itapunja au kuzidisha.

Majaribio yakishaandikwa, nani huyaendesha? Kwa MediaWiki, fundi hawezi kuingiza badiliko kimyakimya. Hulipeleka Gerrit, mahali pa ukaguzi panapotumika tangu 2012. Mashine inayoitwa Jenkins huendesha majaribio na kutoa alama, na binadamu mwingine husoma msimbo kabla ya kuukubali. Kila juma toleo jipya husambazwa kwa hatua: Jumanne wiki za majaribio, Jumatano miradi kama Wiktionary, Alhamisi Wikipedia nyingi. Likiharibika jambo Jumanne, Wikipedia ya Kiswahili haijaguswa. Utaratibu huo naupenda kuliko jaribio lolote moja.

Kasoro ziko. Kwa miaka MediaWiki imebeba visarufi viwili, cha zamani na Parsoid, ambacho kiliandikwa upya kwa lugha ya PHP na kuanza kutumika mwishoni mwa 2019. Vyote viwili hupimwa kwa mafaili yale yale ya majaribio, lakini kubeba viwili ni kulipa kodi mara mbili. Majaribio yanayoendesha kivinjari kizima kama mtu nayo ni ya polepole, na mara nyingine huanguka bila sababu kisha yakapita bila sababu. Jaribio la namna hiyo liondolewe, maana mafundi wakizoea kulipuuza watayapuuza na mengine. Ukiwa na machache ya kivinjari na mengi madogo ya ndani, umepanga vizuri.

Kamati ya shule, maktaba au idara ya kaunti inayotaka wiki yake ichukue toleo la muda mrefu la MediaWiki, 1.43, lililotoka Desemba 2024 na litakalotunzwa hadi Desemba 2027. Kabla ya kulipa, mwite fundi aketi mbele yako. Mwambie aharibu kwa makusudi mstari mmoja wa kigezo cha maeneo, kisha aendeshe majaribio yake. Yote yakipita kana kwamba hakuna kilichotokea, mrudishe akaanze upya.