Katika Kuyapangia Maji Njia

Wengi wanaolitazama tangi la samaki wa baharini sebuleni mwa mtu husifu samaki, na wachache husifu matumbawe, lakini ni nadra mno kumsikia mgeni akisifu bomba. Na kwa kuwa bomba ndilo linalowaweka hai wote waliosifiwa, naona ni haki kuu iliyocheleweshwa, na insha hii nimeikusudia kwa fundi yule ambaye kazi yake ikiwa njema haionekani, na ikiwa mbaya huiamsha nyumba nzima usiku kwa maji ya chumvi yaliyokwisha kufika chini ya zulia.

Mpango wenyewe, kwa maneno machache, ni huu. Tangi la kioo hukaa juu ya kabati, na ndani ya kabati hilo huwekwa hodhi la pili, dogo, ambamo hufichwa vyombo vyote visivyopendeza macho: chombo cha kutoa uchafu kwa povu, kipasha joto, na pampu. Pampu huyapandisha maji. Maji yakizidi juu huvuka kizingiti kilichowekwa pembeni mwa tangi, yakaanguka katika kisanduku, yakateremka kwa bomba mpaka hodhi la chini, yakapandishwa tena. Jambo la kustaajabisha ni kwamba pampu, pamoja na nguvu zake zote, haina amri juu ya kimo cha maji ya juu. Amri hiyo ni ya kizingiti, kipande cha kioo au plastiki kisichosogea wala kutumia umeme, nacho hushika kimo kile kile mwaka baada ya mwaka.

Fadhila yake ya pili ni kubwa zaidi. Juu ya maji yaliyotulia hutanda utando mwembamba wa mafuta na vijichembe, nao huyazuia maji yasivute hewa kama ipasavyo. Kizingiti huutwaa utando huo bila kukoma, kwa kuwa maji yanayovuka ni yale ya juu kabisa. Ndiyo maana mafundi wenye kuelewa hupendelea kizingiti kirefu: kadiri kilivyo kirefu ndivyo maji yanavyovuka kwa unene mdogo, na unene mdogo ndio unaochukua uso wa maji peke yake. Huchongwa meno mfano wa kitana ili samaki na konokono wasisombwe, lakini kila jino hula sehemu ya njia, na mwenye kuyabana mno meno yake hujikuta amekifupisha kizingiti bila ya kukusudia.

Fani hii ina nasaba yake. Mnamo mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alileta London matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, na ili maji yasife akamwagiza mtumishi wake ayamimine kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, tena na tena. Mikono ya mtumishi yule ilikuwa pampu na mlizamu kwa pamoja. Haukupita muda mrefu William Alford Lloyd akaifanya kazi ile kwa mitambo, katika nyumba ya samaki ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, na kisha katika ile ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka 1871: aliweka chini ya ardhi birika kubwa la giza, lenye maji mengi kuliko matangi yote ya juu, na maji yakapandishwa usiku na mchana, yakafurika, yakarudi birikani kwa uzito wake. Anayefungua leo kabati la tangi dogo na kuona hodhi mle chini anaitazama fikra ya Lloyd, iliyopunguzwa vipimo ikaenea nyumbani.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana humo ndimo ulimo utukufu wa kazi hii. Umeme hukatika. Aishiye Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kukumbushwa, na hata penye umeme usiokatika iko siku pampu itazimwa ili isafishwe. Kwa hiyo fundi wa kweli huanza kwa kujiuliza maji yatakwenda wapi pampu ikisimama, na habari ya yatakavyopita ikienda huiacha baadaye. Tuchukue tangi la kadiri, urefu sentimita 60, upana 45 na kimo 45, ambalo likijaa huchukua kama lita 120. Kila sentimita ya kimo chake ni lita 2.7. Pampu ikinyamaza, kwanza hushuka maji yaliyokuwa juu ya kizingiti, tuseme unene wa sentimita moja. Kisha bomba la kurudishia, ambalo punde hivi lilikuwa likipandisha, hugeuka likaanza kunyonya, kama mpira wa kutolea mafuta kwenye pipa, wala halikomi mpaka mdomo wake upate hewa. Ikiwa mdomo huo umezama sentimita 5 chini ya kizingiti, lita 13.5 zitashuka, ongeza zile 2.7 za kwanza, na lita 2 za kisandukuni, na nusu lita kwa kila mita ya bomba lenye upana wa milimita 25 kwa ndani, yaani lita moja kwa mita mbili, na jumla imekuwa lita 19.2. Hodhi la chini lenye kitako cha sentimita 50 kwa 30 litapanda kwa karibu sentimita 13, na kama hukuliachia nafasi hiyo, maji yatajitafutia yenyewe. Lakini uinue mdomo ule uwe sentimita moja tu chini ya kizingiti, na lita 19.2 zimekuwa 8.4, na hodhi halipandi hata sentimita 6. Kwa sentimita nne za bomba fundi ameiepusha sakafu na karibu lita 11, wala hakununua kitu.

Wako wanaotoboa kitundu katika bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kuukata mnyonyo, na wako wanaoitegemea valvu isiyoruhusu maji kurudi. Silaumu hadhari hizo, bali nasema zisitegemewe peke yake, kwa kuwa kitundu huzibwa na mwani au konokono, na valvu hushikwa na chokaa isifunge, ilhali kimo hakizibwi wala hakishikwi.

Msiba wa pili ni kinyume cha huo, na aghalabu husahauliwa. Pampu yaenda, lakini bomba la kushukia limeziba kwa konokono mmoja au fundo la mwani. Hapo pampu itapandisha kila kilichomo chumbani mwake mpaka ianze kuvuta hewa. Ikiwa kati ya uso wa maji na ukingo wa tangi pamebaki sentimita 4, nafasi iliyopo ni lita 10.8, na chumba cha pampu kisibebe maji zaidi ya hayo. Basi hodhi la chini linatakiwa liwe na nafasi tupu ya kutosha kupokea, na papo hapo chumba chake cha mwisho kiwe na maji machache ya kutosha kutoleta madhara. Na fundi huyapatanisha matakwa hayo mawili yanayopingana kwa vipande vya kioo vinavyoligawa hodhi vyumba vyumba, vikakishika kimo cha vyumba vingine na kukiacha kile cha pampu peke yake kipande na kushuka. Mbele ya mgawanyo huo uliopimwa barabara mimi husimama kwa heshima ile ile ninayoiweka kwa mlango mzuri wa Lamu.

Kuhusu mabomba ya kushukia pana elimu nzima. Bomba lililoachwa wazi huvuta maji na hewa kwa pamoja, likagugumia usiku kucha. Mmarekani Richard Durso akajulikana kwa dawa yake rahisi, kukiwekea kichwa cha bomba kiko kinachotazama chini, pamoja na kitundu cha hewa juu, na kelele ikapungua. Lakini utulivu kamili hupatikana bomba likijaa maji matupu, maana hapo hupitisha maji mengi zaidi tena bila sauti. Sharti lake ni geti valvu chini ya bomba, wala si ile ya kugeuza robo duara, ambayo hufungua au kufunga kwa ghafla mno. Huzungushwa kidogo kidogo, ukingoje dakika kadhaa kila mara, mpaka maji ya kisandukuni yasimame kimo kimoja. Na kwa kuwa mizani ya namna hiyo haidumu, pampu ikichakaa na mwani ukiota ndani ya mabomba, wafugaji hulipa bomba hilo wenzake wawili, katika mpango unaojulikana kwa jina la BeanAnimal. Bomba la pili huchukua mabaki machache tu, utepe wa maji unaoteremka kwenye ukuta wa bomba bila kelele. Na kichwani pake hutoka mpira mwembamba wa hewa, ambao ncha yake huachwa kisandukuni juu kidogo ya maji. Bomba la kwanza likiziba, maji hupanda yakaizamisha ncha ile, hewa ikakatika, na bomba la pili papo hapo likajaa na kuanza kunyonya kwa nguvu zake zote. La tatu hubaki kavu, mdomo wake juu ya wenzake, likingoja siku ambayo mwenye nyumba anaomba isifike. Hakuna waya humo, wala kengele, wala mtu wa kukesha. Ndugu watatu wa Baghdad, wana wa Musa bin Shakir, ambao katika karne ya 9 waliandika Kitab al-Hiyal na kukijaza vyombo vya minyonyo na maboya, lau wangeuona mpira ule mwembamba, naamini wangemtambua aliyeubuni kuwa ni mwenzao.

Kutoboa kioo ni kazi ya subira. Kabla ya yote sharti ijulikane kama kioo hicho hakikuimarishwa kwa moto, kwa maana kilichoimarishwa, na vitako vya matangi mengi ni vya namna hiyo, hupasuka chote vipande vidogo vidogo pale kinapoguswa na keekee. Tundu huwekwa mbali na ukingo, kwa masafa yasiyopungua upana wake. Kisha hufinyangwa ukingo wa udongo laini kuzunguka mahali hapo, ukatiwa maji, na msumeno wa duara wenye chembe za almasi ukazungushwa polepole bila kukandamizwa. Maji huanza kugeuka rangi ya maziwa kwa unga wa kioo, na karibu na mwisho mkono huwa mwepesi kabisa, hata kipande cha duara kikajitoa chenyewe na kubaki juu ya utepe uliobandikwa nyuma. Hapo ndipo hukazwa tenki konekta na washa yake ya mpira, kwa mkono, bila spana. Mabomba na viungo vyote viwe vya plastiki, maana shaba, hata kidogo, ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono, na koki ya shaba iliyo njema kwa jikoni ni mauti hapa.

Limebaki jambo la maji yanayopotea kwa joto. Maji huondoka, chumvi hubaki: tangi la lita 120 lenye chumvi gramu 35 kwa lita, likipungukiwa lita 5, limefika gramu 36.5. Upungufu huo hauonekani juu, kwa kuwa kizingiti hakibadili kimo. Huonekana katika chumba cha pampu peke yake, na ndipo liwekwapo boya la kufungulia maji baridi, yasiyo na chumvi.

Nawe msomaji, ikiwa umekusudia kulijenga tangi la namna hii, nakuomba usinunue samaki hata mmoja kabla ya kulijaribu kwa maji ya bomba. Washa pampu, yaache maji yazunguke mpaka yatulie, kisha uzime na ungoje hadi tone la mwisho lishuke. Piga mstari kwa kalamu kwenye kioo cha hodhi la chini, pale maji yalipoishia. Kisha washa tena, uzibe bomba la kwanza la kushukia kwa kiganja chako, na utazame kama la pili linapokea. Kisha uyazibe yote, mpaka pampu yenyewe ianze kuvuta hewa. Sakafu ikibaki kavu mara zote, nenda kaichanganye chumvi.